Omba ushauri kabla hujatoa arbuni: namna ya kusikiliza shauri la kimungu na kumwachia Mungu njia yako

Wapendwa Bwana asifiwe. Hii mada naiandika kwa sababu karibu kila wiki, iwe kwenye jumuiya au pale nje baada ya ibada, namsikia mtu anasema naomba mniombee nina jambo nataka Mungu anioneshe, alafu ukikaa nae vizuri unakuta jambo lenyewe ameshaliamua zamani, mahari imeshapelekwa, mkopo umeshatoka, tiketi ya kwenda Oman imeshakatwa, anachotafuta sasa ni mtu wa kumwitikia amina. Nayajua haya kwa sababu nimeyafanya mwenyewe na yamenigharimu.

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma, nikachukua mkopo wa milioni 5 wa kukatwa kwenye mshahara miaka mitatu, nataka ninunue bajaji iliyotumika. Jumapili nikamfuata mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima, kafanya biashara ya magari ya mizigo miaka mingi, nikampa shikamoo nikamwambia mzee naomba ushauri wako kuhusu bajaji. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, hela umeshatoa?" Nikamjibu bado. Kumbe Ijumaa yake nilishampa mwenye bajaji laki tano za arbuni. Yule mzee akanishauri kwa upole kabisa, tafuta dereva kwanza kabla ya chombo, mpelekee fundi wako wewe na sio fundi wa muuzaji, angalia kadi imeandikwa jina la nani, na kama hivyo vyote huna kwa sasa subiri. Nilitoka pale nimenuna. Jioni nikampigia rafiki yangu ambae nilijua kabisa atasema nini, na akasema kweli, akaniambia shosti Mungu amekufungulia mlango wewe unauliza uliza nini, ingia. Nikaingia. Mwezi wa nne injini ikafa, dereva wa pili akawa haleti hesabu, na mimi makato yakaendelea kila mwezi kama kawaida mpaka miaka mitatu ikaisha.

Sasa siku moja nasoma Yeremia sura ya 42 nikajiona nimo mle ndani. Yerusalemu imeshabomolewa na Wababeli, watu waliobaki na viongozi wao wakina Yohanani mwana wa Karea wanamwendea Yeremia wanamwambia tuombee kwa Bwana atuoneshe njia, liwe jema liwe baya tutatii. Maneno mazuri sana. Mungu akakaa siku kumi ndio akajibu, akasema kaeni hapa hapa kwenye nchi yenu msiende Misri. Wakamgeukia Yeremia wakamwambia unasema uongo. Ila rudi nyuma kidogo mwisho wa sura ya 41 uone walikuwa wamesimama wapi walipokuja kuomba ushauri, walikuwa karibu na Bethlehemu, safari ya Misri wameshaianza! Yaani arbuni ilishatoka. Wakaenda Misri kweli, na Yeremia mwenyewe wakambeba.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta mtu yeyote wa kukushauri, hili ndilo la kwanza na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa: jiulize kama bado unaweza kuambiwa hapana. Chukua karatasi, andika jambo lenyewe kwa sentensi moja, chini yake andika "nikiambiwa hapana nitafanya hivi". Kama hapo chini huna cha kuandika, au ukiifikiria tu hiyo hapana tumbo linakaza na unaanza kumkasirikia mtu ambae hata hujaongea nae, ujue hujawa tayari kushauriwa. Usikimbilie kumpigia mtu simu, rudi kwenye maombi, na maombi yenyewe yawe ni hayo hayo, Bwana nifanye niweze kusikia hapana. Mimi kuna jambo liliwahi kunichukua wiki tatu hapo tu. Na pesa isitoke, sahihi isiwekwe, neno lisipelekwe kwa wazazi wa mtu mpaka hapo pamepita, kwa sababu ukishatoa hela moyo unakuwa wakili wa ile hela.

La pili fupi. Kuna mambo Neno limeshayamaliza, hayo hayahitaji mshauri. Huhitaji kufunga siku tatu kumuuliza Mungu kama uendelee kutoka na mume wa mtu, au kama udanganye kwenye fomu ya mkopo, au kama umsamehe ndugu yako. Hapo ni kutii tu, na ukiona unatafuta ushauri kwenye jambo la aina hiyo mara nyingi ni unatafuta mtu wa kukuruhusu. Ushauri ni kwa yale ambayo Biblia haijakutajia kwa jina, nihame au nisihame, nimkubali huyu au nisubiri, nisome tena au nifanye kazi.

Tukija kwenye nani wa kumuuliza, hapa wengi tunakosea kwa sababu tunachagua kwa kupenda. Roboamu mwana wa Sulemani, watu walipomwomba awapunguzie mzigo mzito aliowawekea baba yake, alikuwa na washauri wa aina mbili pale Shekemu, wazee waliokuwa wakisimama mbele ya baba yake, na vijana waliokua pamoja nae. Wazee wakamwambia watumikie hawa watu, sema nao vizuri, watakuwa wako siku zote. Vijana wakamwambia wajibu kwa ukali, waambie kidole changu cha mwisho ni kinene kuliko kiuno cha baba yangu. Akachukua la vijana na makabila kumi yakaondoka. Wengine wanasoma hapo wanasema basi uliza wazee tu, ila mimi naona kuna kitu zaidi, wale vijana walikua nae, cheo chao kinategemea yeye, kwa hiyo wanamwambia kile kinachowaweka karibu nae. Mshauri ambae anapata kitu ukikubali, au anaogopa kukupoteza ukikataa, hata kama anakupenda kweli, mpunguzie uzito. Dalali hawezi kuwa mshauri wako wa kiwanja hata kama mnaimba nae kwaya moja.

Tafuta mtu ambae maisha yake unayaona, na hapo sizungumzii cheo kanisani. Ushauri wa ndoa muulize mtu ambae mke wake anacheka nyumbani. Ushauri wa pesa muulize mtu anaelipa madeni yake. Awe mtu anaemcha Mungu, ndio, ila pia awe anajua hilo jambo, kwa sababu mama mmoja anaweza kuwa mwombaji mzuri sana na asijue kitu kuhusu mikataba ya ajira za nje, huyo mwombe akuombee, na mkataba mpelekee anaeijua. Usidharau pia mtu kwa sababu hayupo kwenye kundi lako. Musa, mtu aliyekuwa akiongea na Mungu, alishauriwa na baba mkwe wake Yethro, kuhani wa Midiani, alipomwona anaamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni peke yake akamwambia hili ufanyalo si jema, utachoka wewe na hawa watu, weka wakuu wa maelfu na wa mamia na wa hamsini na wa makumi. Na Musa akafanya. Alafu cheki Yethro alivyolisema, akaongeza maneno ya maana kwamba ukifanya hivi, na Mungu akikuagiza hivyo, ndipo utaweza. Akaacha nafasi ya Mungu kusema. Mshauri anaeacha hiyo nafasi mshike sana.

Wawe wangapi? Mithali 15:22 inasema "Pasipo mashauri makusudi hubatilika; bali kwa wingi wa washauri huthibitika." Wingi, lakini sio grupu zima la WhatsApp la watu 200, huko utapata voisi kumi na tano na nusu yake ni za watu hawajasoma hata ulichoandika. Mimi nachukua wawili au watatu, na mmoja lazima awe yule ambae najua hanionei aibu.

Ukishampata mweleze yote. Yaani yote. Mithali 18:17 inasema anaejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje amchunguze, na ukienda kwa mshauri wewe ndio unaongea kwanza na huyo jirani hayupo, kwa hiyo ni juu yako kumsemea. Kama ni ugomvi na mume, sema na yale uliyomwambia wewe. Kama ni kazi unataka kuacha, sema na zile barua za onyo. Nenda na makaratasi, mkataba, salary slipu, majibu ya daktari, sio "waliniambia kama hivi". Mimi kudanganya neno moja tu, lile la "bado mzee", kuliharibu ushauri wote, maana angejua arbuni imetoka angenishauri namna ya kuidai au kukubali laki tano ipotee niokoe milioni nne na nusu. Yaani alimshauri mtu ambae hayupo, sio mimi.

Na ukiwa pale nyamaza. Usibishe kila sentensi. Andika anachosema, shukuru, ondoka, ukakae nacho siku mbili tatu.

Sasa kupima, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu watu wanaumia. Siku hizi ukiomba ushauri unaweza usipewe ushauri, unapewa "nimeoneshwa". Nimeoneshwa huyo sio mume wako, nimeoneshwa uache kazi, nimeoneshwa utoe sadaka ya kiasi fulani ndio mlango ufunguke. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli, akaambiwa na Mungu mwenyewe usile chakula wala usinywe maji huko, wala usirudi kwa njia uliyojia. Mfalme akamkaribisha akakataa vizuri kabisa. Alafu akaja nabii mzee akamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, rudi ule kwangu. Biblia inasema wazi alimwambia uongo. Akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Alimkataa mfalme ila akashindwa kumkataa mzee mwenye lugha ya kiroho. Kwa hiyo neno la mtu likigongana na kile ambacho Mungu ameshasema wazi, hata kama ametaja malaika, usirudi.

Na hata nabii wa kweli anaweza kuongea la kwake bila nia mbaya. Daudi alimwambia Nathani anataka kumjengea Mungu nyumba, Nathani akamjibu haya fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Usiku ule ule Mungu akamrudisha Nathani kwenda kusema sio wewe, ni mwanao atakaejenga. Nampenda Nathani kwa sababu alirudi akasahihisha. Mtumishi ambae hajawahi hata siku moja kusema "hapa nilikosea" mimi naogopa kuweka maisha yangu mikononi mwake.

Niseme mawili waziwazi. Mtu yeyote akikushauri uache dawa, ARV, za presha, za kisukari, eti kuonesha imani, hilo sio shauri la kimungu, nenda zahanati na endelea na dawa zako huku unaombewa, Luka mwenyewe Paulo anamwita tabibu mpendwa. Na mtu akikushauri urudi ndani ukanyamaze kwenye nyumba unayopigwa, "vumilia mwanangu ndoa ndivyo ilivyo", usirudi kwa sababu ya hilo neno. Toka kwanza uwe salama, nenda kwa ndugu, nenda dawati la jinsia pale polisi, mazungumzo ya ndoa yatafanyika ukiwa mzima.

Vipi kama washauri wazuri wamegongana? Inatokea. Paulo yuko Kaisaria kwa Filipo, nabii mmoja anaitwa Agabo akaja akachukua mshipi wa Paulo akajifunga mikono na miguu akasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Ndugu wote wakalia wakamsihi asiende. Ukisoma taratibu utaona Agabo alisema kitakachotokea tu, hakusema usiende, "usiende" ilitoka kwa watu waliompenda. Hivyo ndivyo ninavyofanya na mimi, kwenye ile karatasi yangu nachora mstari katikati, upande mmoja naandika alichokiona mshauri, upande wa pili naandika anachotaka nifanye. Mara nyingi washauri wawili wanaogongana upande wa pili wanakubaliana kabisa upande wa kwanza. Wale ndugu mwisho walinyamaza wakasema mapenzi ya Bwana yatendeke, na Paulo akaenda, na alifungwa kweli.

Na hapo ndio tunaingia kwenye kuuamini mpango wa Mungu, maana wengi tunadhani ukifuata ushauri sahihi basi mambo yatanyooka haraka. Yeremia 29:11 ipo kwenye stetasi za watu wengi, nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, mawazo ya amani. Ni andiko la kweli na limenibeba. Lakini ni barua, iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka wako Babeli, na mstari wa juu yake, wa 10, unasema miaka 70. Sabini! Sura ya 28 kuna nabii Hanania aliwaambia ni miaka miwili tu mnarudi, akaivunja na ile nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, na watu bila shaka walimpenda zaidi Hanania, mimi pia ningempenda. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, alikufa. Na Mungu akawaambia mateka wafanye nini kwenye hiyo miaka 70? Jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ombeeni amani ya huo mji mliopo. Hiyo ndio kazi ya kusubiri. Kama unasubiri ajira, amka saa zile zile za mtu wa kazini, peleka maombi mapya, fuga kuku, fundisha watoto wa mtaani tuisheni. Kama unasubiri mwenza, usiyaweke maisha yako kwenye kabati. Imani yako isikae kitandani inaangalia simu.

Ukiona milango inafungwa pia usihesabu kwamba Mungu amekuacha. Kwenye Matendo 16 Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho kulihubiri neno Asia (sio bara zima, ni jimbo la Warumi, upande wa Uturuki ya leo), wanajaribu kwenda Bithinia wanazuiwa tena, wanaendelea kutembea mpaka Troa ufukweni, ndio usiku yanakuja maono ya mtu wa Makedonia, vuka utusaidie. Hawakupewa ramani, walipewa hatua. Wakafika Filipi, na wa kwanza anaetajwa kuamini pale ni Lidia, muuza rangi ya zambarau, na huyu mama katokea Thiatira, ambayo iko huko huko Asia walikokatazwa! Nikigundua hilo nilifunga Biblia nikakaa kimya. Baadae Paulo akaja kukaa Efeso miaka miwili mpaka wote waliokaa Asia wakalisikia neno. Kumbe ile hapana ilikuwa ya wakati ule. Ila kati ya Lidia na Efeso kulikuwa na fimbo, na gereza, na miguu kwenye mkatale, na hilo nalo lilikuwa ndani ya mpango.

Kwa hiyo ukishaomba, ukishashauriwa, ukishapima, amua. Usikae miezi nane unazunguka kwa watumishi. Andika tarehe, andika umeamua nini na kwa sababu gani, chukua hatua moja ambayo unaiona, na ile ya mbele usiyoiona mwachie Bwana. Usiku ukija na wasiwasi fungua ile karatasi usome ulichoandika ukiwa na akili tulivu.

Alafu rudi kwa aliyekushauri umwambie umeamua nini, hata kama umeamua tofauti na alivyosema, na hasa kama ulikosea. Hili watu hawalifanyi, tunachukua ushauri tunapotea. Mimi ilinichukua karibu mwaka na nusu kumrudia yule mzee. Nilimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi, nikamwambia mzee siku ile nilikudanganya, hela nilishatoa. Akaendelea kupukuchua, akasema alijua, maana muuzaji wa ile bajaji alikuwa anamfahamu. Akaniuliza chombo nimeuza shilingi ngapi, nikamwambia, akauliza deni limebaki miezi mingapi, nikamwambia. Akanisogezea kigoda na ungo wa mahindi, akasema haya mwalimu, kaa, ulitaka kuniuliza nini leo.